Kabla ya Nyanya, Marejea: Namna ya Kutumia Mazao ya Kufunika Udongo Kwenye Shamba la Mboga

Pita kwenye mashamba ya mboga ya Arumeru, Hai au Lushoto mwezi wa nne. Nyanya za kiangazi zilishavunwa zamani. Wakulima wengi wanaogopa kupanda nyingine wakati wa masika kwa sababu ya ugonjwa wa bakajani chelewa, kwa hiyo shamba limeachwa lipumzike. Lakini halipumziki. Mvua inapiga udongo ulio wazi, tope linateremka mferejini, na mchicha pori umeshafika kiunoni. Mmea mmoja mkubwa wa mchicha pori unaweza kuangusha mbegu zaidi ya laki moja. Mwezi wa sita mwenye shamba anaita vibarua wafyeke, analima, anapanda nyanya, na mwezi wa nane anashangaa magugu yote yale yametoka wapi. Yalijipanda Aprili, humo humo shambani.

Mwongozo huu ni wa miezi hiyo ambayo shamba halina mboga. Nitaeleza namna ya kuijaza kwa zao la kufunika udongo (mikunde kama marejea, ngwara na mukuna, au nafaka kama mtama na oti), yaani mmea unaoukuza kwa ajili ya ardhi yenyewe: ukinge udongo dhidi ya mvua, uyanyime magugu mwanga, na ukifa uache chakula kwa mboga zinazofuata. Mifano yangu mingi ni ya kaskazini mwa Tanzania, kwenye masika na vuli na maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi. Aliyeko Iringa, Njombe au Songea, ambako mvua ni msimu mmoja, atabadilisha miezi. Hatua ni zile zile.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: zao la kufunika linapandwa ili lije likatwe. Siku ya kulifyeka ina uzito kuliko siku ya kulipanda. Wakulima wengi wanaosema ngwara iliwasumbua, ukiwauliza vizuri utakuta walichelewa kufyeka. Walitamani maharagwe yake, wakaiacha ikomae, mashina yakawa magumu, mbegu zikapukutika, na ngwara yenyewe ikageuka gugu kwenye nyanya.

Hatua ya 1: Panga siku ya kufyeka, kisha hesabu kurudi nyuma

Chukua kalenda. Weka alama kwenye siku unayotaka kuhamishia miche shambani. Tuseme ni nyanya, na unataka ziingie shambani katikati ya Julai ili uvune soko likiwa bado zuri. Rudi nyuma wiki tatu hadi nne: hapo ndipo utakapofyeka. Rudi nyuma tena miezi mitatu kasoro: hapo ndipo utakapopanda zao la kufunika, yaani mwishoni mwa Machi, mvua za masika zikishashika vizuri.

Kuna njia rahisi ya kulikumbuka hili. Miche ya nyanya hukaa kitaluni wiki nne hivi. Kwa hiyo siku unayosia mbegu za nyanya kitaluni, ndiyo siku ya kufyeka shambani, au haipiti siku chache baadaye. Kabichi ni karibu hivyo hivyo. Vitunguu hukaa kitaluni hadi wiki sita au zaidi, kwa hiyo sia kwanza, ufyeke wiki mbili au tatu baadaye.

Kwa nini usifyeke leo na kupanda kesho? Kwa sababu majani mabichi yaliyofukiwa huanza kuoza kwa kasi, na katika siku hizo za mwanzo vimelea vya kinyausi hushamiri na kuua miche. Viwavi sota nao hupenda uchafu mbichi. Utaamka asubuhi ukute miche imekatwa shingoni. Wiki mbili ndiyo chini kabisa kwa miche iliyokomaa vizuri. Wiki tatu ni salama zaidi. Kwa mbegu ndogo zinazopandwa moja kwa moja, kama karoti na mchicha, ngoja wiki nne au zaidi.

Hatua ya 2: Ng'oa mabaki ya mboga, utazame mizizi

Kabla hujanunua mbegu yoyote, ng'oa mashina kadhaa ya nyanya, bilinganya au bamia za msimu uliokwisha, kutoka pembe mbalimbali za shamba. Ng'oa taratibu kwa uma au jembe, usivute kwa nguvu, kisha suuza mizizi.

Ukiona mizizi imevimba mafundo mafundo, hao ni minyoo fundo. Ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye udongo na kunyonya mizizi. Mmea hunyauka mchana hata kama umemwagilia, na mkulima hudhani ni ukame. Jambo hili ndilo linaloamua upande zao gani, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Kunde na ngwara, mazao mazuri mno kwa udongo, mara nyingi huwalisha minyoo fundo wakazaliana. Ukipanda kunde kwenye shamba lenye minyoo hao halafu ukafuatisha nyanya, umewaandalia chakula mara mbili. Marejea ni kinyume chake: minyoo fundo wakiingia kwenye mizizi yake hawazaliani vizuri, na idadi yao hushuka. Mukuna nayo huwadhoofisha.

Usichanganye mafundo ya minyoo na vinundu vya jamii ya mikunde, ambamo bakteria huunasia mmea naitrojeni ya hewani, chakula kikuu cha majani. Kinundu hukaa pembeni mwa mzizi, na ukikisukuma kwa ukucha kinabanduka. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halibanduki.

Ukiwa hapo hapo shambani, angalia pia magugu yaliyopo. Mchicha pori, kishona nguo na wenzao wanaoota kwa mbegu ndogo hushindwa haraka wakifunikwa. Ndago na sangari ni habari nyingine, kwa kuwa wana viazi au mizizi inayotambaa chini kwa chini. Kivuli kizito huwadhoofisha, ndago hasa haipendi kivuli, lakini usitarajie waishe kwa msimu mmoja. Kama shamba lako ni la ndago, chagua zao linalofunga majani kabisa na kukaa muda mrefu, na uwe tayari kurudia mwaka unaofuata.

Hatua ya 3: Chagua zao kulingana na ulichokiona

*Marejea.* Kwa shamba la mboga, hili ndilo ninalolipendekeza kwanza. Linasimama wima, halitambai wala kupanda juu ya kitu, linakua haraka, na kwa kawaida hutoa maua baada ya miezi miwili hadi mitatu. Wamisionari Wabenediktini wa Peramiho, Songea, walilieneza sana kusini mwa Tanzania miaka ya 1980, na wakulima wa huko wanalijua kama mbolea. Magharibi mwa Kenya majani yake machanga ni mboga kabisa, huitwa mitoo. Lakini mbegu zake usiwape kuku wala ng'ombe: mbegu za jamii hii ya mimea zina sumu kwa mifugo.

*Ngwara*, ambayo wengine huiita fiwi na Kenya huitwa njahi. Inavumilia ukame kuliko nyingi, mizizi inakwenda chini sana, na majani yake ni malisho mazuri. Wakulima wa Karatu na Arumeru wameichanganya na mahindi kwa miaka mingi, na punje zake zinavuka mpaka kwenda kuuzwa Kenya. Soko hilo zuri ndilo linalomshawishi mkulima aiache ikomae. Kama unataka kuuza ngwara, itengee kipande chake. Ile ya kufunika shamba la mboga ifyekwe kwa wakati. Pia ikague upande wa chini wa majani: ikijaa inzi weupe au utitiri mwekundu, fyeka mapema, kwa sababu wadudu hao hao watahamia kwenye nyanya zako.

*Mukuna.* Watu husikia jina wakakimbia kwa kuwa wanakumbuka upupu, na ni kweli ni ndugu. Ila aina inayolimwa haina zile nywele zinazowasha. Hakuna inayofunga ardhi kama hii. Baada ya miezi mitatu huoni udongo, na ndago hupata shida kweli kweli. Inahitaji muda mrefu, miezi mitatu hadi minne, na inapanda juu ya chochote kilichosimama, hivyo usiiweke karibu na migomba michanga, mipapai au nguzo za mipira ya matone. Mbegu zake zina levodopa, kemikali inayoweza kumdhuru mtu na mifugo isiyocheua. Usizipike kama maharagwe.

*Kunde.* Ni za pengo fupi. Kama una siku 50 au 60 tu kati ya mboga na mboga, kunde zitafunika na utakuwa umechuma majani kwa ajili ya jikoni. Kumbuka tu habari ya minyoo fundo.

*Nafaka: mtama, shayiri, oti.* Hizi hazileti naitrojeni kutoka hewani, lakini majani yake huoza polepole, kwa hiyo matandazo yake yanadumu. Kwenye baridi ya Lushoto juu, Njombe au Kinangop kule Kenya, ambako ngwara na mukuna hudumaa, oti ikichanganywa na vechi, mmea wa jamii ya mikunde, hufanya vizuri, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa nyanda za juu za Kenya wanaijua vizuri kama malisho. Mtama una tabia ya kutoa kemikali mizizini inayozuia mbegu nyingine kuota. Hiyo ni faida dhidi ya magugu, ila ni hasara ukifuatisha karoti au mbegu nyingine ndogo. Baada ya mtama, panda miche.

Unaweza kuchanganya mikunde na nafaka, kwa mfano ngwara na mtama, upate naitrojeni na matandazo ya kudumu kwa pamoja. Ni mchanganyiko mzuri kwa shamba la mteremko. Kwa anayeanza, zao moja linatosha.

Na usisahau ni mboga gani inafuata. Kabichi, nyanya, hoho na matango hufurahia sana kufuata mikunde. Maharage machanga na njegere usizipande hapo: zinatengeneza naitrojeni zenyewe na zinashiriki magonjwa na hao waliotangulia. Karoti hugawanyika mizizi zikikuta mabaki mabichi ardhini, kwa hiyo ziache zije zamu ya pili, baada ya kabichi.

Hatua ya 4: Tayarisha mbegu na upande kwa wingi

Mbegu nyingi za mazao haya hununuliwa sokoni kama nafaka, kwa hiyo zijaribu kwanza. Chukua mbegu 20, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, kiweke mahali penye joto, na uhesabu baada ya wiki. Zikiota chini ya 15, ongeza kiasi cha mbegu au utafute nyingine. Mukuna ina ganda gumu. Iloweke usiku mmoja kabla ya kupanda.

Kwa ekari moja, viwango hivi vinatosha: marejea kilo 4 hadi 6, ngwara kilo 12 hadi 15, mukuna kilo 15 hadi 20, kunde kilo 15 hadi 20. Kwa robo ekari, ambayo ndiyo ukubwa wa mashamba mengi ya mboga, gawa kwa nne.

Marejea ina mbegu ndogo. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisambae sawasawa, uzimwage kwenye mistari iliyoachana sentimita 30, na uzifukie sentimita moja au mbili tu. Ngwara ipande mistari ya sentimita 50, shimo hadi shimo 30, mbegu mbili kila shimo. Mukuna sentimita 60 kwa 40, mbegu moja. Hizi mbili zinaweza kwenda chini sentimita nne au tano. Kunde mistari ya sentimita 40.

Utaona ni karibu karibu kuliko mkulima wa maharagwe anavyopanda. Ni makusudi. Hapa unatafuta majani yagusane upesi. Ukipanda kwa nafasi ya kuvuna punje, mwanga utapenya katikati na magugu yatakushukuru.

Mikunde hii katika udongo wetu huwa inawakuta bakteria wake tayari, kwa hiyo si lazima ununue bakteria wa dukani wa kuchanganya na mbegu. Kinachoweza kukosekana ni fosforasi. Kwenye udongo wenye tindikali, kama sehemu nyingi za Usambara, fosfeti ya Minjingu, mbolea ya fosforasi inayotokana na mwamba, hufanya kazi nzuri na ni ya hapa hapa nyumbani. Kwenye udongo usio na tindikali inayeyuka polepole mno. Naitrojeni usiweke. Ukiweka urea, mmea unakuwa hauna sababu ya kuitafuta hewani.

Anayetaka kuokoa muda zaidi anaweza kusia marejea chini ya nyanya zilizozeeka, wiki tatu au nne kabla ya mchumo wa mwisho. Nyanya zikiondoka, marejea iko kifundoni tayari. Usifanye hivi kwa mukuna.

Hatua ya 5: Palilia mara moja

Wengi hawaamini, lakini zao la kufunika nalo linahitaji palizi. Wiki tatu baada ya kuota, pita na jembe dogo mara moja. Wiki hizo za mwanzo mche wako bado mdogo, na mchicha pori unakua haraka kuliko ngwara. Ukiruka palizi hii, magugu yatatangulia juu na zao lako litakaa kivulini mwao. Ukiifanya, wiki ya sita hadi ya nane majani yatafunga na hutashika jembe tena.

Katikati ya msimu, ng'oa mmea mmoja utazame vinundu. Kikate kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, kimelala au kimechoka. Kama shamba zima ni hivyo, tatizo mara nyingi ni fosforasi, tindikali au maji yaliyotuama.

Hatua ya 6: Pima, kisha fyeka maua yakitoka

Wakati wake ni pale karibu nusu ya mimea inapoonyesha maua, kabla ya maganda. Hapo majani yana naitrojeni nyingi na mashina bado laini. Ukingoja maganda, naitrojeni inahamia kwenye mbegu na mashina yanakuwa kuni.

Kuna hesabu inayomsaidia mkulima asidanganywe na mtu yeyote, wala na matumaini yake mwenyewe. Tengeneza fremu ya vijiti ya mita moja kwa mita moja. Itupe sehemu tatu au nne shambani, kata kila kilicho ndani, upime kwa mzani, utafute wastani. Tuseme umepata kilo 3. Ekari ni kama mita za mraba 4,000, kwa hiyo una kilo 12,000 za majani mabichi. Yakikauka hubaki takribani sehemu moja kwa tano: kilo 2,400. Mikunde michanga ina naitrojeni ya asilimia 2.5 hivi, hivyo kuna kama kilo 60 za naitrojeni zimelala pale. Mboga ya kwanza huweza kupata karibu nusu yake ikiwa umefukia, na pungufu ya hapo ikiwa umetandaza juu.

Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo zao hilo, ukilifukia, limekupa zaidi kidogo ya mfuko mmoja kwa ekari. Unaweza kupunguza mfuko mmoja kwenye mbolea ya kukuzia bila hofu. Huwezi kuacha mbolea yote, na anayekuambia hivyo hajapima. Fosforasi na potasiamu hazitoki hewani. Samadi, mboji na mbolea ya kupandia zinabaki na kazi yake.

Fyeka asubuhi ya siku kavu, chini kabisa, kwa fyekeo au panga lenye makali. Marejea na kunde zikikatwa chini ya jicho la kwanza hazichipui. Ngwara huchipua ukiacha kisiki kirefu. Mukuna ikate shina pale linapotokea ardhini, halafu ikunje kama mkeka huku ukiikatakata.

Wakulima wengi wanaogopa nyoka na panya kwenye kichaka hiki, na hofu yao ni ya haki. Acha ukanda wa mita moja uliosafishwa kuzunguka shamba tangu mwanzo, vaa buti, na fyeka kuanzia upande wa nyumbani kwenda upande wa pori, ili kilichomo kipate pa kukimbilia. Usianze pande zote na kukutana katikati.

Hatua ya 7: Kufukia au kutandaza?

Hili linategemea ardhi na maji yako.

Shamba la mteremko, kama Lushoto au Mgeta, usilime. Acha majani juu kama matandazo, fungua mashimo ya miche tu. Ukilima mteremko uliofunikwa vizuri miezi mitatu, umeurudisha kwenye mmomonyoko kwa siku moja.

Shamba tambarare linalomwagiliwa kwa mifereji lina shida ya vitendo: majani yakiingia mferejini maji hayapiti. Hapo fukia, sentimita 10 hadi 15 tu, au kusanya majani juu ya tuta uache mifereji wazi. Usifukie kwa kina kirefu. Huko chini hakuna hewa ya kutosha na majani yanaoza vibaya.

Mwenye mipira ya matone ana bahati. Atandaze, kisha alaze mipira juu au chini ya matandazo.

Kwa udhibiti wa magugu, kutandaza ndiko bora, kwa sababu kufukia kunaleta juu mbegu za zamani zilizokuwa zimelala chini zikisubiri mwanga. Ila matandazo ya mikunde peke yake hayadumu. Kwenye joto huisha baada ya wiki nne hadi sita. Ongezea majani makavu ya mtama, nyasi zisizo na mbegu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, yaweke juu ya yale mabichi. Usifukie mabua hayo pamoja na majani mabichi ukatarajia mbolea ya haraka: mabua yana kaboni nyingi, na vijidudu vinavyoyaozesha hukopa naitrojeni ya udongo kwanza. Utaona nyanya zimekuwa njano wakati unajua umeweka mbolea ya kijani.

Wapo wenye ng'ombe ambao hawawezi kuvumilia kuona ngwara nzuri hivyo ikioza. Nawaelewa. Kata sehemu ya juu ukalishe, acha mashina, majani ya chini na mizizi shambani, kisha rudisha samadi. Shamba litapata kidogo kuliko lingepata, lakini litapata. Kinachoharibu ni mifugo ya watu wengine kuingia usiku, kwa hiyo kama eneo lenu linafunguliwa kwa malisho baada ya mavuno, zungumza na majirani na mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kupanda, au uchague marejea badala ya ngwara.

Hatua ya 8: Hamishia miche

Wiki tatu zikipita, chimbua kidogo. Majani yaliyofukiwa yanapaswa kuwa meusi na laini, na udongo unuke udongo. Ukinusa uvundo, au ukiona majani bado ya kijani, ngoja wiki nyingine na umwagilie kidogo.

Kwenye matandazo, sukuma majani pembeni uache duara wazi la sentimita 10 kuzunguka kila mche. Konokono na viwavi sota hujificha kwenye majani yanayogusa shina. Weka mbolea ya kupandia au samadi iliyooza ndani ya shimo kama kawaida. Miche ya zao linalofuata matandazo wakati mwingine huonekana imechelewa wiki mbili za kwanza, kwa kuwa udongo uliofunikwa ni wa baridi kidogo; isikutie wasiwasi. Mbolea ya kukuzia ukishaipunguza, angalia rangi ya majani ya chini wiki ya tatu na ya nne. Yakianza kupauka kote shambani, ongeza kidogo.

Palizi bado ipo. Tofauti utaiona kwenye idadi ya siku za vibarua, na kwenye kumwagilia, kwani udongo uliofunikwa hukaa na unyevu muda mrefu zaidi. Ili uone kwa macho yako, msimu wa kwanza acha kipande kimoja cha shamba bila zao la kufunika, ukipande nyanya zile zile siku ile ile. Andika siku za palizi, zamu za maji na kreti ulizovuna kwa kila upande. Afisa ugani wako atakusaidia vizuri zaidi ukimwonyesha daftari hilo kuliko ukimweleza kwa mdomo.

Mbegu za mwakani

Usichukue mbegu kwenye shamba la mboga lenyewe. Tenga ukingo wa shamba, au ukanda kando ya uzio, upande mistari michache ya marejea au ngwara na uiache ikomae hapo. Marejea vuna maganda yakianza kulia ukiyatikisa, kabla hayajapasuka. Kausha juani mpaka mbegu iwe ngumu kwenye jino. Ngwara hushambuliwa sana na wadudu wa ghalani, na mara nyingi huingia nao kutoka shambani, kwa hiyo usikawie: ikishakauka, ijaze kwenye dumu la plastiki safi mpaka mdomoni ili hewa ibaki kidogo, funga kifuniko kwa nguvu, na usilifungue mpaka mvua za masika zikaribie.